Klabu ya jogging kutoka Dar, kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon: Mweka inapandwa kwa mwendo gani?

Mratibu_wa_Alfajiri

Wakuu, habari za jioni.

Naomba msaada wa walioko Moshi na Arusha, na yeyote anayefundisha watu mbio za barabarani. Klabu yetu iko Dar es Salaam na mwezi Februari tunakwenda kukimbia nusu marathoni pale Moshi. Tuko 24, wanawake 11, umri kuanzia miaka 22 hadi 61. Wenye kasi wanamaliza kilomita 21 za tambarare kwa saa 1 na dakika 45. Kundi kubwa liko kwenye saa 2 hadi 2 na robo, na wapo wanaohitaji saa 2 na nusu.

Mazoezi yetu ya pamoja ni Jumamosi, upande wa Coco Beach na Daraja la Tanzanite, kwa safu, filimbi na nyimbo. Yaani tambarare tupu, usawa wa bahari. Zimebaki wiki 10. Ninayotaka kujua:

1. Mwinuko wa Mweka, ile barabara inayopanda kutoka Moshi mjini kuelekea mlimani, ni mkali kiasi gani, na mtu wa saa 2 tambarare apange kumaliza kwa muda gani?
2. Milima ya kufanyia mazoezi Dar tuitafute wapi, na tufanye mazoezi gani hasa?
3. Maji na chakula. Tuna watu wanaosema unywe kwenye kila meza ya maji, wengine wanasema usinywe kabisa hadi kilomita ya 10.
4. Klabu ikimbie pamoja kama Jumamosi, au kila mtu na mwendo wake?

Wengi wetu ni mara ya kwanza kutoka nje ya Dar kwa mbio, kwa hiyo hata jambo dogo litusaidie.

---

Mwenyeji_Kibo

Karibuni Moshi, mratibu. Nianze na njia, maana ndiyo inayowapoteza wageni.

Mnaanzia na kumalizia Uwanja wa Ushirika, pale Chuo Kikuu cha Ushirika. Uwanja uko kama mita 830 juu ya usawa wa bahari, na sehemu ya juu kabisa ya mbio ni kama mita 1,150. Maana yake mnapanda takriban mita 320, karibu zote katika nusu ya kwanza, kisha mnageuka na kushuka mlikotoka. Wa kilomita 42 wao huanza kwa kwenda upande wa barabara ya Dar es Salaam, wanarudi mjini, ndipo wanaikabili Mweka wakiwa wameshachoka. Ninyi wa 21 mnaikuta mkiwa na miguu mibichi, na hapo ndipo hatari yenu ilipo.

Usiwaze habari ya hewa nyembamba. Mita 1,150 si Iten, ule mji wa wakimbiaji kwenye nyanda za juu za Kenya, mtu wa Dar hakosi pumzi kwa sababu hiyo. Kinachowamaliza watu ni kwamba mwinuko haukatiki. Ukigawa mita 320 kwa kilomita kama 10 unapata asilimia 3 hivi, na kwa macho barabara inaonekana karibu imelala. Mtu anatoka uwanjani, umati unashangilia, anashika mwendo wake wa Coco Beach. Kilomita ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya nne anaanza kujiuliza amelala vibaya au vipi. Hajalala vibaya. Amekuwa akipanda tangu alipoacha mitaa ya mjini na hakupunguza kasi.

Mambo mengine ya njia:

Huko juu mnapita kati ya migomba na kahawa, kuna kivuli mahali pengi, hasa asubuhi. Jua mnalipata mkirudi mjini. Mwisho wa Februari Moshi ni kavu na joto la mchana hupita nyuzi 30. Wa saa 1 na dakika 45 atamaliza kabla halijachachamaa. Wa saa 2 na nusu atakuwa barabarani saa tatu na nusu ikiwa mbio zimeanza saa moja asubuhi, na wakati huo lami inarudisha joto usoni. Kwa hiyo kofia na mafuta ya jua ni kwa ajili ya wale wa nyuma zaidi kuliko wa mbele.

Kwa kuwa ni njia ya kwenda na kurudi, mkiwa mnapanda mtakutana na wa mbele wanashuka kwa kasi kubwa. Shikeni upande mtakaoelekezwa na wasimamizi, msikatize katikati kupiga picha na mlima. Kibo mara nyingi inaonekana vizuri alfajiri kabla mawingu hayajaifunika, pigeni picha uwanjani kabla ya kuanza.

---

Kocha_Mtaani

Mwenyeji amemaliza suala la njia. Mimi niingie kwenye hesabu, maana ndiyo itakayowaokoa.

Kwenye mwinuko wa asilimia 3, nguvu ileile uliyozoea tambarare inakupa mwendo wa polepole zaidi kwa sekunde 30 hadi 50 kwa kila kilomita, kutegemea kasi yako. Kwenye kushuka hurudishiwi zote, unapata nusu au chini ya hapo. Sababu ni kwamba kuanzia kasi fulani miguu inaanza kufunga breki badala ya kusukuma. Chukulieni njia ni nusu kupanda na nusu kushuka, mpange hivi:

- Wa 1:45 tambarare (karibu 5:00 kwa kilomita): apande kwa 5:30, ashuke kwa 4:45. Atamaliza kama 1:48.
- Wa 2:00 (5:41): apande kwa 6:20, ashuke kwa 5:25. Kama 2:04.
- Wa 2:30 (7:07): apande kwa 7:55, ashuke kwa 6:50. Kama 2:35 au 2:36.

Hizo namba ni za kupangia, si za kufuata kwa saa mkononi kila mita 100. Barabara haina mwinuko ulio sawasawa, kuna vipande vinauma na vingine vinapumzisha. Mpime kwa pumzi: wakati wa kupanda uweze kusema sentensi ya maneno matano au sita bila kukatika. Ukiweza neno mojamoja tu, umeshazidisha, punguza hapohapo, usisubiri kilele. Ukiweza kupiga soga nzima, ongeza kidogo. Saa itumike kwa jambo moja tu, kilomita mbili za kwanza. Hizo ziende polepole zaidi ya mwendo wa kupandia kwa sekunde 10 hivi, hata kama mnapitwa na kila mtu.

Kwa nini nasisitiza? Ukizidisha mapema kwenye mlima unachoma akiba ya sukari ya misuli haraka, na miguu inafika kileleni haina nguvu ya kudhibiti mteremko. Sekunde 90 ulizopata mlimani unazilipa dakika sita kwenye kushuka, mahali ambapo ungepaswa kuwapita watu.

Mmeona Alphonce Simbu alivyochukua dhahabu ya dunia Tokyo, Septemba 2025. Petros wa Ujerumani ndiye aliyekuwa mbele kwenye mita za mwisho, Simbu akampata mstarini. Wote wawili 2:09:48, tofauti sehemu tatu za mia za sekunde. Angekuwa ametumia nguvu kidogo tu mahali pasipohitajika kwenye zile kilomita 42, hiyo hatua ya mwisho isingekuwepo.

Mazoezi sasa. Dar milima ipo, si lazima muende Morogoro. Eneo la Chuo Kikuu pale Mlimani lina miinuko mizuri na magari si mengi alfajiri. Barabara ya Makongo Juu kwenda Goba ina panda-shuka nyingi. Kwa mbio ndefu, upande wa Pugu na Kisarawe ndiyo unaofanana zaidi na kazi mnayoiendea.

Wiki 1 hadi 3: mara moja kwa wiki, marudio 6 ya kupanda kwa dakika 2, mnashuka kwa jogging taratibu hadi mlipoanzia. Kabla yake dakika 15 za kupasha mwili, baada yake dakika 10 za kupoa. Ongezeni rudio moja kila wiki. Nguvu iwe ya kiasi ambacho rudio la mwisho linafika palepale lilipofika la kwanza. Wekeni jiwe au alama. Likipungua, mlianza kwa pupa.

Wiki 4 hadi 7: marudio yanakuwa marefu, 4 ya dakika 5 hadi 6, kwa mwendo wa kupandia wa siku ya mbio. Mkikosa mlima mrefu, mwenye uwezo wa kuingia jimu aweke mashine ya kukimbilia kwenye asilimia 3 na akimbie dakika 30 mfululizo. Inachosha akili, lakini inafundisha mwili kutosubiri pumziko.

Mbio ndefu ya wikiendi: anzeni 12, ongezeni kilomita 1 hadi 2 kwa wiki, wiki ya 4 mpunguze. Ndefu kabisa iwe 18 au 19 kwenye wiki ya 8. Angalau mara tatu mpange njia inayopanda nusu ya kwanza na kushuka ya pili. Jumamosi ya Tanzanite ibaki, lakini iwe siku ya mwendo mwepesi, msiigeuze mashindano. Wiki ya 9 punguzeni jumla ya kilomita kwa theluthi, wiki ya 10 kwa nusu au zaidi, ila mbakishe vipande vifupi vya kasi ili miguu isilale.

Joto la Dar ni faida yenu. Mwili uliozoea kukimbia kwenye unyevu wa Pwani unatoa jasho mapema na unajipoza vizuri. Msikimbilie kufanya mazoezi yote saa kumi na moja alfajiri. Mara moja kwa wiki mbio nyepesi ifanyike jua likiwa limetoka.

---

Mratibu_wa_Alfajiri

Kocha, asante sana, nimeshaipeleka kwenye kundi letu. Swali la nyongeza: wengi wanaogopa kupanda, mimi naogopa kushuka. Tuna watu wa magoti, na mama yetu wa miaka 61 ambaye ni mkimbiaji mzuri lakini hajawahi kushuka kilomita 10 mfululizo.

---

Kipsang'wa_Iten

Hujambo mratibu. Umeogopa mahali panapostahili. Sisi huku Bonde la Ufa tunaishi na miteremko, na nitakwambia wazi kwamba kushuka ndiko kunakoharibu misuli, kupanda kunachosha tu.

Unapopanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja ili kukusukuma. Unaposhuka, msuli uleule unalazimika kuvutwa huku unajaribu kukunja, kila hatua, ili usianguke. Nyuzi zake zinachanika kidogokidogo. Ndiyo maana kesho yake, na zaidi siku ya pili, mtu anashuka ngazi kinyumenyume. Habari njema ni kwamba msuli unajifunza haraka. Mazoezi machache ya kushuka yanaukinga kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo ongeza hili kwenye ratiba ya kocha: kuanzia wiki ya 4, kila baada ya siku 10 hivi, tafuteni mteremko wa mita 400 hadi 800 usio mkali. Pandeni kwa kutembea au jogging, shukeni kwa mwendo mnaotaka kushuka nao siku ya mbio. Mara ya kwanza marudio 3 tu, baadaye 4, 5, 6. Maumivu ya siku mbili ni ya kawaida. Maumivu ya goti yanayobaki sehemu moja na kuongezeka ukikimbia si ya kawaida, huyo apumzike na aonwe na mtaalamu. Zoezi la mwisho la kushuka liwe siku 12 hadi 14 kabla ya mbio. Likikaribia zaidi ya hapo mnakwenda Moshi na mapaja yaliyoumia.

Namna ya kushuka: hatua fupi, za haraka, mguu utue chini ya kiuno, si mbele yake. Mwili wote uinamie mbele kidogo kutokea kifundo cha mguu, usikunje kiuno na usiegemee nyuma. Anayeegemea nyuma anatua kwa kisigino na goti lililonyooka, na hapo ndipo goti linapopigwa. Mikono iachie iende pembeni kidogo kwa ajili ya mizani. Macho yaangalie mita 10 hadi 15 mbele. Ukisikia nyayo zako zinapiga lami kwa kishindo, hatua ni ndefu mno.

Kilomita ya kwanza baada ya kugeuza, msiachie breki. Mapigo ya moyo yako juu na miguu imezoea kupanda. Chukueni dakika tatu au nne za kutulia, ndipo muongeze. Aliyebakiza nguvu atazikuta kwenye kilomita 5 za mwisho.

Kamba za viatu mzifunge hadi tundu la mwisho la juu kabisa, kifundoni. Bila hivyo mguu unateleza mbele na kucha za vidole vikubwa zinakuwa nyeusi. Kucha zikatwe siku tatu au nne kabla, si usiku wa kuamkia mbio.

Mama wa miaka 61, ikiwa anakimbia mara kwa mara, hana sababu ya kuzuiwa. Aongeze mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: kuinuka kwenye kiti bila kushika kwa mikono, marudio 10 mara 3, na kushuka ngazi moja polepole kwa mguu mmoja, 8 kila upande. Mazoezi ya kushuka ayaanze mapema zaidi ya vijana na apewe siku tatu za kupona.

Na msisahau kasi. Huku Iten Alhamisi ni siku ya fatileki, yaani mbio za kubadilisha kasi, watu mamia wanaingia barabarani: dakika 1 kwa nguvu, dakika 1 nyepesi, au 2 kwa 1. Ninyi fanyeni 12 za dakika 1 kwa 1 katikati ya wiki, kwa zamu na siku ya mlima. Inafaa klabu yenye watu wa kasi tofauti, kwa sababu kwenye dakika nyepesi wa mbele wanageuka nyuma kuwafuata wa mwisho na kundi linaungana tena.

---

Dada_Muuguzi

Niingilie kwenye maji, kwa sababu kauli zote mbili zilizoko kwenye klabu yako zina hatari.

"Kunywa kila meza" kwa mtu wa saa 2 na nusu anayekwenda polepole kunaweza kumfanya anywe kuliko anavyotoa jasho. Chumvi ya damu inashuka. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole na pete kubana, baadaye kuchanganyikiwa, hata degedege. Mtu wa namna hiyo ukimpa maji zaidi unamuumiza. "Usinywe hadi kilomita ya 10" nako, kwenye joto la Moshi na mlima, ni kumkausha mtu bure.

Fanyeni kipimo sasa, nyumbani. Mtu apande mzani akiwa mkavu na nguo chache, akimbie saa moja kwa mwendo wa mbio, ajifute jasho, apande tena. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, ujumlishe na alichokunywa njiani. Wengi wataangukia kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa saa. Si lazima kurudisha yote. Lengo ni uzito usipungue zaidi ya asilimia 2 hivi, na usiongezeke kamwe. Kwa wengi wenu, mililita 400 hadi 700 kwa saa zinatosha. Kiu ndiyo iongoze, na kipimo hicho kiwe cha kuhakikishia. Yaani meza moja mafunda matatu manne, nyingine pita ukijimwagia kichwani na shingoni.

Asiyeweza kunywa huku anakimbia abane mdomo wa kikombe kiwe kama mfereji, au atembee hatua kumi. Hatua kumi hazimharibii mtu mbio. Kikohozi cha maji yaliyopita njia mbaya kinaharibu.

Chumvi: mnaotoa jasho linaloacha unga mweupe kwenye fulana, wekeni pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji, mnywe glasi moja au mbili asubuhi ya mbio na nyingine mkimaliza. Pakiti nzima kwa lita nzima, usiikoleze ili ifanye kazi zaidi, itawaharisha. Mkikosa pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo, si vya mlima.

Nguvu: zaidi ya dakika 75 mwili unahitaji sukari, gramu 30 hadi 60 kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, kijiko kikubwa cha asali kama 17. Tende ndogo ina 5 au 6, toeni kokwa kabisa nyumbani na mzifunge kwenye mfuko mdogo. Anzeni kula dakika ya 40, mkiwa bado mnapanda, kidogokidogo na maji. Kusubiri kileleni ni kuchelewa, na ukiwa unashuka tumbo linatikisika halipokei vizuri. Chochote mtakachokula Moshi kiwe kimeshajaribiwa Dar kwenye mbio ndefu.

Asubuhi ya mbio, kula saa tatu kabla. Mbio zikiwa saa moja, amkeni saa kumi alfajiri. Vipande vitatu vya mkate na asali, ndizi moja, chai isiyo na maziwa mengi. Uji ni mzuri kwa aliyeuzoea. Jumamosi mchana kuleni wali, viazi au mtori, ndizi na nyama mnatosheka vizuri. Kiburu ni kitamu lakini kina maharage, subirini Jumapili jioni. Mbege nayo vivyo hivyo.

Jambo la mwisho na naomba mlisimamie kwa nguvu: asiwepo mtu wa kumeza diklofenaki au ibuprofeni kabla ya mbio "ili goti lisiume". Mwili ukiwa na joto na upungufu wa maji, figo zinategemea mfumo uleule ambao dawa hizo zinauzima. Anayehitaji kidonge ili aanze, huyo asianze.

---

Mratibu_wa_Alfajiri

Dada, hilo la vidonge limenigusa, tunao wanaofanya hivyo na tutalisema kesho. Mtu akianguka kwa joto, sisi wa klabu tulioko pembeni tufanye nini kabla ya gari?

---

Dada_Muuguzi

Msemesheni kwanza. Akijibu vizuri na anajua alipo, mlazeni kivulini, inueni miguu, apewe maji kidogokidogo. Akichanganyikiwa, akitukana bila sababu, akiyumba au akizimia, chukulieni ni joto kali la mwili, hata kama bado anatoa jasho. Poozeni palepale: vueni fulana, mwagieni maji mengi ya baridi mwili mzima, mpepeeni bila kuacha, barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja kama ipo. Mmoja aite watu wa huduma ya kwanza wa mbio wakati wengine wanapooza. Kumpakia kwenye bajaji akiwa na moto wake ni kumpotezea dakika muhimu. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui. Maumivu ya kifua hayana mjadala, mbio zimeishia hapo.

Wenye zaidi ya miaka 40 au wenye presha na sukari kwenye familia wapimwe kabla ya kuanza wiki 10 hizi, si wiki ya mwisho.

---

Mzee_wa_Namba

Mimi nazungumzia klabu kama klabu, swali lako la nne.

Mchakamchaka wa safu uacheni uwanjani wakati wa kupasha mwili. Barabarani, safu ya watu wanne wenye filimbi inawazuia walio nyuma, na ndani ya safu wenye kasi wanajibana huku wa polepole wanajikaza. Wote wanaumia kwenye mlima. Gawanyeni vikundi vya watu watatu hadi watano wenye muda unaokaribiana, kila kikundi na kiongozi mmoja wa mwendo. Kiongozi asiwe mwenye kasi kuliko wote, awe mwenye subira na anayekimbia chini ya uwezo wake. Nendeni wawili wawili au mmoja mmoja. Makubaliano yawe pamoja hadi pa kugeukia, kushuka kila mtu na mguu wake. Kwenye mstari wa kuanzia simameni kwa kasi zenu, wa saa 2 na nusu wakae nyuma.

Mkitaka mashindano ya ndani ya klabu yenye haki, msitumie muda mtupu, maana washindi wanajulikana tangu leo. Kila mtu aandike muda wake wa karibuni wa kilomita 21 za tambarare. Baada ya Moshi gawanyeni muda wa Moshi kwa muda wa tambarare. Kwa hesabu za kocha hapo juu, aliyekimbia kwa akili atapata kama 1.03. Mwenye 1.10 alijimaliza mlimani. Mwenye namba ndogo kuliko wote achukue kikombe, na anaweza kuwa yule mama wa miaka 61.

Namba za kifuani: kwa miaka mingi zimekuwa zikitolewa Dar, Arusha na Moshi siku chache kabla, siyo asubuhi ya mbio. Chukueni zote Dar, mtu mmoja mwenye orodha na nakala za vitambulisho kama vinaruhusiwa kuchukuliwa kwa niaba, someni masharti ya mwaka huo. Chipu ya kupimia muda ikiwa nyuma ya namba, msiikunje, msiitoboe kwa pini na msiifunike kwa mkanda wa maji au jaketi, zulia la kunasa muda halitaisoma. Nyuma ya namba andikeni jina, simu ya ndugu, aina ya damu kama inajulikana, na maradhi au mzio. Kwa sababu hiyohiyo, msibadilishane namba. Binti wa miaka 25 akizimia na namba ya baba wa miaka 50, daktari anasoma habari za mtu mwingine, na ndugu wanaopigiwa si wake.

Safari: Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, siku nzima kwenye basi. Fikeni Ijumaa. Watakaofika Jumamosi usiku miguu itakuwa imevimba na usingizi haupo. Njiani, kila basi linaposimama watu washuke watembee, na mkifika dakika 20 za kutembea kabla ya kulala. Vyumba vya Moshi wiki hiyo hujaa mapema sana, lipieni mkiwa bado kwenye wiki ya kwanza ya mazoezi. Tafuteni nyumba iliyo umbali wa kutembea kutoka Ushirika, kwa sababu barabara hufungwa na bodaboda hamtaipata mnapoihitaji. Mwambieni mwenye gesti tangu Jumamosi kwamba mnataka maji ya moto na mkate saa kumi alfajiri, jiko lisiwe limefungwa.

Raba: za mitumba hazina ubaya wa asili, ila sponji ya kati huzeeka hata bila kuvaliwa. Baadhi ya kampuni huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye lebo ndani ya ulimi. Zikiwa na miaka mingi, ziacheni. Ziwekeni mezani mziangalie kwa nyuma. Kisigino kikilala upande mmoja, sponji imekufa upande huo. Bonyezeni kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo myembamba mingi pembeni, mteremko wa Mweka utaimaliza pamoja na mguu. Kiatu kipya kinunuliwe sasa, kiwe kimekimbia angalau kilomita 50 kabla ya Moshi. Vivyo hivyo fulana mpya za klabu. Zifueni, mzikimbilie mbio ndefu moja, mjue zinapochubua. Mafuta ya mgando kwapani, kati ya mapaja, na chuchu kwa wanaume.

Mizigo muiweke kwa mtu mmoja asiyekimbia, akae mahali palepale mlipokubaliana nje ya lango la uwanja, awe na fulana kavu 24, ndoo ya maji, ORS, ndizi na orodha ya majina. Kila anayemaliza apigiwe alama. Hakuna anayeondoka uwanjani hadi alama zifike 24.